Maji ya Nyangate

Kwe. Kwe. Kwe. Kisha kimya. Kisha kwe moja iliyochelewa, na jiwe likapasuka.

Nilikuwa bado chini kwenye mtelemko, nyuma ya migomba, nyumba sijaiona, lakini nilijua babu yangu ameharibu kiboko mwingine wa kuchonga. Nilikulia ndani ya sauti ile. Panga la Mzee Nyamweya lilipokata jiwe la sabuni lilikwenda kwa kipimo kisichozidi wala kupungua, na kama mimi leo naweza kutunga shairi bila mshororo hata mmoja kuchechemea, sikufundishwa na mwalimu yeyote wa shule. Nilifundishwa na panga lile. Mwaka ule wa 1973 kipimo chake kilikuwa kimevunjika, na aliyesikia si mimi peke yangu. Kijiji kizima cha Tabaka kilisikia.

Nilipotokea uani nikamkuta ameketi katikati ya vumbi jeupe, kiboko kichwa huku, kiwiliwili kule. Nyanya yangu, Kemuma, alikuwa ameinama juu ya karai la maji akipiga msasa sahani ya jiwe. Hakuinua uso.

"Umefika, mume wangu mdogo? Njoo umwone mwenzako. Ameua tena."

"Jiwe lilikuwa na ufa," babu alisema.

"Ufa uko jichoni mwako. Wazungu wa Nairobi wanaonunua vitu vyako watadhani viboko vya Tabaka huzaliwa bila vichwa."

"Kemuma, nitakurudisha kwenu."

"Njia utaiona wapi?"

Nilicheka, naye babu akacheka, ingawa si sana. Kwetu mjukuu na babu au nyanya yake hutaniana hivyo bila mpaka. Nyanya huniita mume wake, babu huniita mshindani wake, na hakuna neno la mwili ambalo haliwezi kutajwa kati yetu. Kwa mzazi na mtoto wake ni kinyume. Hapo pana chinsoni, ile haya kubwa ya Abagusii. Baba haingii nyumbani mwa mwanawe aliyetahiriwa, mwana hautazami mwili wa baba, na kati ya baba mkwe na mke wa mwana haya hiyo ni kali zaidi. Baba yangu alikaa boma la pili, umbali wa kuitana tu, lakini hangeweza kumuuliza babu habari za kwenda haja. Ndiyo maana mambo yale yote yaliniangukia mimi.

Nilichuchumaa mbele ya babu nikamtazama. Katikati ya kila jicho, pale panapotakiwa kuwa peusi, palikuwa na weupe kama chembe ya jiwe lake mwenyewe. Kwenye muundi wa mguu wa kushoto palikuwa na kidonda ambapo panga lilimteleza tangu mavuno. Kilikuwa bado kibichi.

"Hiki hakijapona?"

"Nzi wanakipenda," alijibu.

"Si nzi tu," nyanya alidakia. "Muulize sisimizi. Akikojoa nyuma ya migomba jioni, asubuhi nakuta sisimizi wamefanya harusi pale. Na maji anayokunywa! Ng'ombe aliyetembezwa kutoka Marani hanywi hivyo."

Jumapili iliyotangulia padri alikuwa ametangaza kanisani kwamba daktari wa macho atafika Kisii na gari lake la vifaa, atakaa muda mfupi, kisha aondoke hadi mvua za masika zipite. Babu alijifanya hakusikia. Kisu ndani ya jicho! Nilimwambia kwamba mtu aliyepasua mawe maisha yake yote hawezi kuogopa kijisu kidogo kama jani la nyasi. Alinitukana tusi ambalo siwezi kuliandika. Lakini kesho yake aliomba kanzu yake ya kanisani.

*

Daktari alikuwa Mtaita, jina lake Mwakio, mtu mfupi mwenye mikono mitulivu. Babu hakujua Kiswahili, yeye hakujua Ekegusii, kwa hiyo mimi nikawa daraja. Sitaficha kwamba nilijivuna. Vijana wenzangu walinicheka kwa kupenda Kiswahili, lugha ambayo kwetu watu waliitoa sandukuni wakienda mjini na kuirudisha wakifika nyumbani. Nilikuwa nimejifunza ushairi peke yangu kutoka redioni na kurasa za magazeti. Sasa nilikuwa nimesimama mbele ya daktari nikimfasiria neno kwa neno, na hakuniuliza mara ya pili.

Alimulika jicho la kulia, kisha la kushoto.

"Huu ni ugonjwa wa mtoto wa jicho. Umekomaa macho yote mawili. Nikiutoa, mzee ataona. Mwulize, je, anakunywa maji mengi? Anaamka kwenda haja mara kwa mara?"

Babu alisema hapana. Mimi nikasema ndiyo, nikamweleza habari za sisimizi na kidonda cha mguuni.

"Mwambie nyanya yako anastahili mshahara wa maabara," daktari alisema. Halafu akaacha kutabasamu. "Sikiliza vizuri umfasirie. Sisimizi hufuata sukari. Mkojo wake lazima upimwe. Ikiwa sukari imepanda, sitamgusa. Kidonda cha mtu mwenye sukari hakifungi upesi, kinaoza, na jicho lililooza halina dawa. Afadhali mtoto wa jicho, ambao unaweza kungoja."

Nilifasiri yote, hata kuoza. Babu aliitikia kwa kichwa. Alilazwa wodi ya wanaume, na hapo ndipo furaha ilipomkuta: kitanda cha pili alilala Nyangate. Walitahiriwa siku moja, mto mmoja, wakiwa wavulana. Baadaye Nyangate alihamia Gesima kwa wajomba zake, akapanda chai, wakapotezana kwa miaka. Wote wawili hawakuonana, kwa maana macho hayakuwapo, lakini walitambuana kwa kikohozi.

"Ni wewe, mwoga?"

"Mwoga ni nani? Nani alimlilia mama yake pale mtoni?"

"Yalikuwa maji ya baridi yaliyonitoa machozi!"

Walikuwa bado wanashindana muuguzi alipoingia na chupa mbili tupu, akatusalimu kwa Ekegusii na kujitaja jina, Tryphosa. Alikuwa mke wa Alfayo, na Alfayo ni mtoto wa ndugu wa ukoo wa babu. Yaani mkamwana wake. Babu alivuta blanketi hadi kidevuni na kugeukia ukutani. Tryphosa naye aliinamisha macho, akaweka chupa kwenye meza ndogo kati ya vitanda, akaniambia mimi, si yeye, kwamba zijazwe na atazichukua asubuhi.

Nililala kwa rafiki mjini. Nilipoingia kesho yake, Daktari Mwakio alinipita kwenye ukumbi akanipiga begani. "Dawa ya kupimia maji ya babu yako imebaki buluu safi. Hakuna sukari. Sisimizi wenu ni waongo. Namfanyia upasuaji Alhamisi."

Nilipaswa kuruka kwa furaha. Badala yake nilisimama pale pale. Nyanya yangu hadanganyi kuhusu sisimizi.

Nilimkuta babu anakula ndizi mbivu.

"Sokoro," nilimwita, ndivyo tunavyomwita babu, "yale maji ya kwenye chupa yalitoka wapi?"

"Yalitoka mahali maji hutoka."

"Kwako?"

"Kwetu."

Kutoka kitanda cha pili Nyangate alianza kucheka hadi kitanda kikalia. "Nilikuwa nayo mengi! Nilijaza yangu nikajaza na yake."

Nilihisi damu ikipanda. "Sokoro! Umempa daktari mkojo wa mtu mwingine?"

"Punguza sauti. Mtu mwingine yupi? Huyu ni wa rika langu. Tulikatwa kwa kisu kimoja, damu yetu ilimwagika mahali pamoja. Nisipokuwapo kumwoza binti yangu, yeye anasimama badala yangu. Nikifa, yeye anajua siri zangu. Maji yake na yangu yana tofauti gani?" Hakuwa anatania. Aliuliza kama mtu anayeuliza jambo lililo wazi. "Ulitaka nimpe mke wa Alfayo maji yangu ayachemshe? Ayainue kwenye mwanga ayatazame? Halafu nitakula wapi chakula cha mwanangu tena?"

"Ulinisikia nikikufasiria. Jicho litaoza."

"Nilisikia neno la mgeni. Chinsoni niliyozaliwa nayo sikuisikia kwa mtu."

"Nitamwambia daktari."

Ndizi iliganda mkononi mwake. "Ukimwambia, hatanikata. Ataondoka. Atarudi mvua zikipita. Cleophas, mimi sina mvua nyingi zilizobaki. Nataka kuona jiwe. Nyamaza tu. Wewe ndiwe mdomo wangu hapa, na mimi naufunga mdomo wangu."

Hilo ndilo lililonichoma. Kweli, nilikuwa mdomo wake. Angalikuwa mtu mwingine aliyefasiri, labda ningenyamaza. Lakini maneno ya kuoza yalikuwa yamepita katika ulimi wangu, na mimi si mtu wa kutamka neno kisha nikalikana. Nilimwambia, kwa sauti ambayo wodi nzima ilisikia, kwamba afadhali anichukie akiwa na macho yanayoweza kutibiwa kuliko anipende akiwa na mashimo mawili. Nikatoka.

Daktari alikuwa nje, ameegemea gari lake, anakula hindi la kuchoma. Nilimweleza yote: rika, mkamwana, chupa mbili za mtu mmoja. Nilingoja achukie. Alitafuna polepole.

"Kwetu Taita pia mkwe ni mkwe," alisema. "Kosa ni langu pia, sikuuliza. Sasa niambie: ni nani katika ukoo wenu anayeweza kuyashika maji ya mzee bila mtu kuona haya?"

"Mke wake. Na mjukuu."

"Mjukuu ni nani?"

Nilijitazama. Nilikuwa nimevaa shati jeupe, kalamu mfukoni.

"Basi vua hilo shati," alisema.

*

Tryphosa ndiye aliyenifundisha, katika kona ya chumba chao cha dawa. Sitamsahau. Hakutaja jina la babu hata mara moja. "Sijui maji hayo ni ya nani na sitaki kujua," aliniambia, huku akitazama dirishani. "Wewe fanya, mimi nitatazama rangi tu." Dawa ya buluu ndani ya kichupa chembamba, matone machache ya mkojo juu yake, kichupa ndani ya maji yanayochemka. Kikibaki buluu, hakuna sukari. Kijani, iko kidogo. Njano, imezidi. Rangi ya machungwa, ni mbaya.

Kichupa cha babu kilipita buluu, kikapita kijani, hakikungoja kwenye njano, hakikutua kwenye machungwa. Kilisimama kwenye wekundu wa tofali.

Tryphosa alikitazama kwa muda. "Umeokoa jicho la mtu fulani," alisema.

Babu hakuona hivyo. Alhamisi Nyangate alifanyiwa upasuaji, yeye akarudishwa Tabaka na mfuko wa vidonge, na mimi nikarudi na chupa ya dawa ya buluu niliyopewa pamoja na onyo la kutoimwaga. Njia nzima hakunisemesha. Tulipofika nyumbani alimwambia nyanya maneno mawili tu: "Mjukuu wako ameniuza." Akaingia ndani.

Kuanzia hapo alizungumza nami kupitia kwa nyanya, hata tukiwa tumeketi jiko moja, na akaniita mpishi kwa kuwa nilimchemshia maji yake ya kupima. "Mwambie mpishi chupa yake iko nyuma ya mlango." "Mwambie mpishi chai hii haina sukari." Nyanya alimjibu kwamba mpishi ana masikio, na kwamba chai haitakuwa na sukari hadi Yesu arudi. Ndizi mbivu alizificha chumbani mwa mwanamke jirani. Bakuli la ugali wa wimbi lilipungua, la mboga chungu za chinsaga likafura, na babu alilalamika kwamba analishwa kama mbuzi.

Nilichemsha kila asubuhi, nje, kwenye mafiga matatu, kwa sababu nyanya alikataa moshi wa kitu kile ndani ya jiko lake. Habari ilifika kwenye machimbo kabla ya jua kukausha umande. Vijana wanaobeba mawe walipita njiani wakiimba.

"Malenga! Leo umetunga mkojo wa vina vingapi?"

"Tupe wa mizani kumi na sita!"

"Ninyi," niliwapigia kelele, "mababu zenu wanapofuka mnawashika mkono na kuwaongoza hadi kaburini. Mimi wangu namrudisha! Na aje hapa karibu yeyote aliye na la kusema!" Hakuja mtu. Mmoja, Ombati, alikuja siku nyingine, lakini si kwa ugomvi. Alisimama kando, akachora ardhi kwa kidole cha mguu, akauliza kama dawa ile inaweza kupima maji ya nyanya yake pia, maana naye ana sisimizi. Nilimpimia. Yalikuwa njano. Nikamwonyesha njia ya kwenda hospitali, na hakuimba tena.

Kila siku nilimtangazia babu rangi, hata kama hakujibu. Nilimwambia kwa mawe, kwa sababu ndiyo rangi alizozijua kwa moyo. Leo ni lile jekundu la upande wa juu wa machimbo. Leo ni la waridi. Leo ni la njano lililotoka chini ya shamba la kanisa. Wiki zilipita ni njano tu, na nilianza kuwaza kwamba vidonge havina nguvu au ndizi zina nguvu kuliko vidonge. Nyanya akagundua zile ndizi za jirani. Kelele aliyopiga asubuhi ile sijapata kuisikia tena. Baada ya hapo kichupa kikaanza kugeuka: kijani kibichi kama jani changa la mgomba, kisha kijani cha maji ya mto, kisha asubuhi moja kikabaki buluu, na mimi nikabaki nimekishika juu kama mwehu.

"Buluu!" nilipaza sauti. "Sina jiwe la kuifananisha. Tabaka haina jiwe la rangi hii."

Babu alikuwa ameketi kizingitini, mguu wa kushoto ameunyoosha. Mkono wake ulikuwa juu ya muundi, kidole gumba kinapapasa, kinarudi, kinapapasa tena, kama alivyozoea kupima uso wa jiwe kama limelainika.

"Kimefunga," alisema.

Sikuelewa mara moja.

"Kidonda. Njoo ushike, Cleophas. Kimefunga chote."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita jina tangu siku ile ya ndizi. Nilishika. Ngozi ilikuwa laini na mpya.

"Jicho nalo lingebaki bichi kama kidonda hiki?" aliuliza. "Miezi yote ile, na nzi?"

"Ndivyo daktari alivyosema."

Aliukunja mguu taratibu. Kisha akasema, "Ulikuwa mdomo wangu mbaya. Lakini ulikuwa mdomo wangu." Na nyanya, aliyekuwa anasikiliza nyuma ya ukuta, alisema kwa sauti kubwa kwamba sasa waume wake wawili wamepatana, ni nani atamtekea maji?

*

Daktari Mwakio alirudi mvua zilipopungua. Kabla ya upasuaji maji yalipimwa tena, na safari hii chupa niliibeba mimi kutoka mkononi mwa babu, nikayachemsha mimi, na Tryphosa akasimama dirishani akingoja kuitwa atazame rangi. Buluu. Alipiga makofi mara moja, akajizuia.

Sikuruhusiwa kuingia. Babu alinisimulia baadaye: sindano kando ya jicho iliyouma kuliko kutahiriwa, ila nisimwambie Nyangate, kisha ganzi, kisha taa kubwa kama jua kupitia maziwa, na kivuli cha mkono. Halafu alilazwa chali, mifuko ya mchanga huku na huku ya kichwa ili asijigeuze, macho yamefungwa bandeji. Mtu aliyezoea kunitukana kutwa nzima alilala kama mmoja wa wanyama wake wa mawe. Nilimlisha uji kwa kijiko. Nilimweleza ni nani anapita. Akasema hajawahi kujua kwamba kulala bila kufanya kitu ni kazi ngumu hivyo.

Siku ya kufungua bandeji daktari alimvalisha miwani minene, kama vitako vya chupa. Babu alipepesa. Maji yakamtoka machoni. Aligeuza kichwa polepole, kama mtu anayebeba mtungi.

"Wewe ni nani mwenye pua kubwa hivi?"

"Ni mimi, Sokoro."

"Haiwezekani. Niliacha mtoto mwenye pua ya kawaida." Alinyoosha mkono anishike shavu, ukapiga hewa, ukaishia karibu yangu. Daktari alinieleza kwamba miwani ile huvuta vitu mbele na kuvikuza, na mkono utahitaji kujifunza upya. Mkono ulinipata mara ya pili. Ulinishika uso mzima, kidole gumba juu ya nyusi, na babu akatazama kwa muda mrefu, bila mzaha wowote.

"Mungu apewe sifa," alisema. "Kumbe una uso wa mama yangu."

Niligeukia dirisha. Mimi si mtu wa kulia mbele za watu.

Nilikuwa nimetunga kitu kwa ajili ya daktari, nikamsomea hapo hapo, nikiwa nimesimama wima:

Nashukuru kwa mkono, ulofuta lile wingu,
Uliotulia mno, kazini kwa babu yangu,
Leo hakuna mguno, aona mawe na mbingu,
Na chupa ya kila siku, naishika kwa mkono.

Daktari Mwakio alivua miwani yake akaifuta. "Nimepewa kuku, mayai, hata mbuzi," alisema. "Hii ni ya kwanza. Rudia mshororo wa mwisho."

Niliurudia.

"Huo ndio ninaoutaka. Sasa mfasirie mzee." Alikaa kwenye ukingo wa kitanda. "Mimi nimetoa mtoto wa jicho tu. Nyuma kabisa ya jicho kuna ngozi nyembamba, ndiyo inayopokea picha. Sasa kwa kuwa mlango uko wazi nimechungulia, nimeona madoa madogo ya damu pale. Hiyo ni kazi ya sukari. Hayaumi. Mgonjwa hasikii kitu, anaona vizuri, anachonga, hadi siku damu inapojaa. Hapo kisu changu hakitasaidia. Dawa pekee ni kuishusha sukari na kukaa hivyo. Na kila mwaka aje tumtazame, hata akiona sisimizi kwenye kilima cha pili. Aje kabla hajaumwa."

Nilifasiri. Babu alisikiliza huku akitazama mikono yake mwenyewe, akiigeuza juu chini.

"Mwambie nimeshukuru," alisema. "Nimeshukuru hadi mifupani. Lakini sasa naona. Chupa tuitupe. Mtu mzima mwenye macho yake hawezi kuchemshiwa maji kila asubuhi hadi afe. Vijana wanamwimba mjukuu wangu. Nilisikia, nilikuwa kipofu, si kiziwi."

"Waache waimbe."

"Na wewe utaoa. Mkeo atakuja kukaa pale. Ataona nini kwenye mafiga? Maji ya babu wa mumewe?"

"Atayachemsha nikichelewa. Si mjukuu pia?"

"Sitaki, Cleophas."

Moto wangu wa zamani ulinipanda. Nilifungua mdomo nimwambie tena habari za mashimo mawili. Lakini wakati huo Tryphosa aliingia na beseni la vifaa, akaona miwani, akasimama. Babu alimwona. Hakuwahi kumwona kabla. Alimjua kwa sauti na kwa haya tu. Nilingoja avute blanketi ageukie ukuta.

Mkono ulilishika blanketi, ukasita.

"Huyu ndiye mke wa Alfayo?" aliniuliza kwa upole.

"Ndiye."

"Ndiye aliyetazama dirishani wakati wote ule, ili asijue anachokijua?"

Tryphosa aliinamisha kichwa.

Babu alijiweka sawa kitandani, akafunga kifungo cha juu cha kanzu. Hakumkazia macho, haya haikumruhusu. Alizungumza akilitazama lile beseni, lakini kwa sauti ya mtu anayesema mbele ya baraza, na Nyangate angalikuwa bado kitanda cha pili angalinyamaza pia.

"Mkamwana, nisikilize. Nilikuletea maji ya Nyangate kwa kuwa nilikuheshimu. Wewe nawe ulipewa yangu ukafumba macho kwa kuwa uliniheshimu. Tumelingana. Jicho hili mmenipa wewe na huyu Mtaita na huyu kijana mkaidi, nami sitaliacha lijae damu kwa sababu ya chupa. Kila mwaka mvua zikipungua nitakuja hapa kutazamwa. Kila asubuhi mjukuu wangu atapika, na wanaoimba waimbe. Na chupa nitakayokuletea, mkamwana wangu, nakuahidi mbele ya hawa wote, maji yake yatakuwa yangu mwenyewe."